Kigae Hupimwa Mezani

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya wachezaji na mafundi wa michezo ya mezani

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wanachama, na wageni wetu mliokuja kuziona meza zetu kwa mara ya kwanza,

Nimeombwa nizungumzie vigae vya mandhari, yaani vile vipande vya mraba tunavyovipanga mezani ili visanamu vyetu vipate sakafu ya kukanyaga, mto wa kuvuka na ukuta wa kujifichia. Wengi wenu mnavitengeneza tayari, na baadhi yenu mna ustadi wa mkono unaoushinda wangu, kwa hiyo sitasimama hapa kumfundisha mtu namna ya kushika brashi. Nimekuja kutetea hoja moja. Hoja yenyewe ni kwamba kigae ni kifaa cha kuchezea kabla hakijawa pambo, na kwamba karibu kila uamuzi wa fundi, kuanzia mstari wa kwanza wa rula hadi vanishi ya mwisho, unapaswa kutokana na jambo hilo.

Ushahidi wa kwanza nautoa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani. Mwaka 1780 Johann Hellwig, aliyekuwa mwalimu katika jumba la mtawala wa Braunschweig, alikuwa amekwisha kuchapisha mchezo wa vita uliotokana na sataranji, wenye ubao mkubwa ambao miraba yake ilipakwa rangi mbalimbali kuonyesha aina ya ardhi. Ubao ule ulikuwa bapa na haukubadilika. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz, ofisa wa serikali ya Prussia, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu chombo cha namna nyingine kabisa: meza kubwa yenye droo, na katika droo hizo vipande vya mandhari vyenye miinuko na mito, vilivyotiwa rangi, ambavyo viliweza kupangwa upya kila mara ili kufanya uwanja mwingine wa vita. Mwenye kuvitazama vipande vile leo hatahitaji kuelezwa ni kitu gani, kwa sababu ni vigae vyetu hivi hivi.

Mfalme na wanawe walikifurahia chombo kile, nacho kikabaki kwao, maana hakuna kikosi cha kawaida ambacho kingeweza kukigharimia wala kukibeba. Mwaka 1824 mwana wa Reisswitz, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alitoa mchezo uliorekebishwa ambao uliachana na vigae vya baba yake na kutumia ramani za karatasi za kipimo cha 1:8,000. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa mipango ya kivita, akaupendekeza kwa jeshi zima, na kuanzia hapo mchezo ukaenea katika vikosi. Kazi ya baba ilikuwa ya kuvutia macho kuliko ya mwana, lakini iliyochezwa na watu wengi ni ya mwana. Kila ninapoona kigae kilichochukua wiki kadhaa kutengenezwa kikiwa kimewekwa juu ya kabati, na mwenye nacho hataki kiguswe, nakumbuka zile droo za mfalme.

Sisemi turudi kwenye karatasi. H. G. Wells wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1913 cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, alionyesha kwamba mandhari yenye umbo yanaweza kupatikana kwa mbao, vijiti vya miti na vijumba vya kadibodi, na uzuri wa mpango wake ni kwamba kila kitu kiliweza kuvunjwa na kujengwa upya mchana ule ule. Njia ipo kati ya jumba la mfalme na karatasi tupu, nayo inaanza kwenye kipimo.

Mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao kila mchezaji huigiza shujaa wake na ambao ulitoka Marekani mwaka 1974, umeizoesha dunia nzima mraba wa inchi moja: tangu toleo la tatu la mwaka 2000, inchi moja ya mezani ni futi tano katika dunia ya mchezo. Visanamu vya kawaida, vile vinavyoitwa vya milimita 28, husimama juu ya vitako vya duara vya milimita 25. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kitako kinaingia katika mraba wake na kubakiza nafasi ndogo mno, chini ya nusu milimita. Rula zetu za shuleni zina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na fundi mwenye haraka huchukua sentimita mbili na nusu akaridhika. Katika mraba mmoja hakuna jicho litakalomkamata. Katika kigae cha miraba sita kwa sita kosa limekuwa zaidi ya milimita mbili, na meza ya futi tatu, ambayo ina miraba 36 kila upande, itakuwa imepotoka kwa milimita 14, yaani zaidi ya nusu mraba. Hapo mlango wa chumba chako utatazamana na ukuta wa chumba cha mwenzako. Kama unatengeneza kwa ajili ya meza yako peke yako, shika kipimo chochote unachokipenda. Tunaoleta vigae vyetu pamoja kila mwezi hatuna uhuru huo, na mimi naona ni afadhali kigae kilichopakwa vibaya lakini kimepimwa sawasawa, kwa kuwa rangi inaweza kurudiwa jioni moja.

Unene nao una sheria yake. Vigae viwili vikitofautiana unene kwa milimita mbili, kisanamu kitakachowekwa kwenye maungio yake kitainama, na kisanamu kinachoinama huanguka, kikaumia rangi kwenye pua na kwenye ncha ya upanga. Anayekata povu, yaani bamba la polisterini, kwa waya wa moto akate vigae vyote vya kundi moja bila kuugusa mpangilio wa kifaa chake, kwa maana ukilegeza kizuizi leo na kukifunga tena kesho hupati unene ule ule hata ukiapa. Anayetumia kisu cha wembe abadilishe wembe mapema kuliko anavyodhani inafaa. Wembe butu haukati povu, unalichana, na kingo zilizochanika hazikutani.

Sasa nije kwenye kingo zenyewe, ambazo kwa maoni yangu ndizo kigae. Chukua vigae tisa vya mraba, vyote tofauti, vinavyoweza kukutana kwa upande wowote, uvipange vitatu kwa vitatu. Nafasi za kuvipanga na kuvizungusha zinazidi bilioni 95. Hata ukihesabu kwamba meza nzima iliyogeuzwa upande ni meza ile ile, zinabaki zaidi ya bilioni 23. Hakuna kundi la wachezaji litakalozimaliza. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli kwa sharti kwamba kila ukingo unakubali kila ukingo. Ukichora mto unaotoka pembeni mwa kigae, mahali ulipopenda siku ile, kigae hicho kitakuwa na jirani mmoja tu duniani, na ukimpoteza huyo jirani umepoteza viwili. Ndiyo maana natetea kanuni ya kwamba katika kigae cha miraba sita, mto, barabara au ukumbi utoke kwenye miraba miwili ya katikati, yaani wa tatu na wa nne, na kwa upana huo huo kila mara. Ndani ya kigae mto upinde utakavyo, ugawanyike, ufanye kisiwa. Kwenye ukingo utii.

Mtu ataniambia kwamba mto unaotoka katikati daima unaonekana wa kupangwa, na kwamba mito ya Mungu haiendi hivyo. Ni kweli. Ila macho ya mchezaji hayafuati ukingo, yanafuata kile kilichomo ndani, na mpindo mmoja mzuri katikati ya kigae husahaulisha kwamba mlango wa mto uko pale pale siku zote.

Jambo linalotugombanisha zaidi katika chama hiki ni kuta, na sitalipita kimya kimya. Wapo wanaopenda ukuta wa urefu wa inchi mbili, wenye matofali yaliyochongwa moja moja, dirisha na kishikio cha mwenge. Picha yake inapendeza sana. Kaeni basi kwenye kiti, siyo kusimama, muitazame meza yenye kuta kama hizo kutoka upande wa mchezaji: mtaona migongo ya kuta. Aliyeko upande wa pili anamwona adui ambaye wewe humwoni, si kwa kanuni za mchezo bali kwa sababu ya kiti alichopata, na kila mtu anayeinua kisanamu anaingiza mkono kisimani. Ongezeni hesabu ya unene. Ukuta wa povu wa milimita 12 ukisimama ndani ya mraba wa milimita 25.4 unabakiza milimita 13, na kitako cha milimita 25 hakina pa kukaa. Ukumbi wa miraba miwili, wenye ukuta kila upande ndani ya vipimo vyake, unabaki na upana usiofika milimita 27, kwa hiyo mashujaa wawili ambao kwa kanuni wangeweza kusimama bega kwa bega hawawezi.

Njia za kutoka katika tatizo hili ziko tatu, na nimeziona zote zikifanya kazi. Ya kwanza ni kuweka ukuta nje ya miraba, kwa kuongeza ukanda wa nusu inchi pembeni mwa kigae. Inapendeza, ila vyumba viwili vinavyopakana vinapata ukuta wa inchi nzima, na miraba ya meza inahama. Ya pili ni kuta za kupachika, vipande vilivyo peke yake vinavyosimama juu ya mstari na kuondolewa mchezaji anapotaka kuona, na hizi zinahitaji uzito chini yake, kwa mfano nati ya chuma iliyofukiwa kwenye povu, la sivyo feni ya darini itazigawa upya. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitumia, ni ukuta wa chini usiozidi nusu inchi kwenda juu na milimita tano hadi sita kwa upana: unaonyesha mahali chumba kinapoishia, haumzibi mtu macho, na kitako kinaweza kuuegemea kikakanyaga mraba wa jirani kidogo bila kuleta ugomvi. Ukuta wa namna hii hauwezi kubeba dirisha. Msimamizi wa mchezo atalitaja dirisha kwa mdomo, na hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Kuhusu malighafi nitakwenda haraka, kwa kuwa mnayajua maduka kuliko mimi. Mafundi wa Ulaya na Marekani husifia polisterini isiyo na punje, ile ya mabamba ya rangi ya waridi au ya samawati inayotumika kuzuia baridi kwenye nyumba zao. Inakatwa safi, inapokea mchoro wa kalamu, na ukiibiringizia bonge la karatasi ya aluminiamu lililofinyangwa inapata uso wa jiwe papo hapo. Sisi hatuna baridi ya kuzuia, kwa hiyo bamba hilo ni gumu kupatikana na bei yake si ya mchezo. Tulicho nacho kwa wingi ni polisterini nyeupe ya punje, ile inayofungia televisheni na majokofu, na ukipita Kariakoo jioni maduka yanapofungwa utaipata ikisubiri kutupwa. Kadibodi ya maboksi ipo kila mahali. Keko mafundi wa samani watakupa unga wa mbao na maranda bila kukuuliza unayataka ya nini. Gundi nyeupe ya mbao, msasa, mchanga uliochekechwa na rangi ya maji ya ukutani viko katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Kadibodi ina adui mmoja hapa pwani, nao ni unyevu. Ukipaka upande mmoja tu, upande huo unavuta maji, unatanuka, kisha unakauka ukijikunja, na kigae kinakuwa na tumbo. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili kwa wakati mmoja, pamoja na kingo, na kukikausha chini ya uzito baada ya uso kushika. Polisterini hainywi maji, lakini inaogopa vimiminika vikali: rangi ya kopo la kupuliza, rangi zinazochanganywa na tina, petroli, na ile gundi ya mafundi viatu, vyote vinaila na kuiachia mashimo. Jaribuni kila kitu kwenye kipande cha kutupa kwanza. Wanaokata kwa waya wa moto nao wafungue madirisha, kwa sababu moshi wa polisterini una kemikali zisizofaa kuvutwa, na chumba kidogo kilichofungwa hujaa moshi huo upesi. Bunduki ya gundi ya moto ina haraka na inashika, ila gundi yake hulegea kwenye joto kali, na kigae kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa juani mchana kutwa kinaweza kurudi nyumbani kikiwa vipande.

Hata hivyo polisterini ya punje, ambayo vitabu vya mafundi wa mbali huidharau, ina jambo moja inalolifanya kuliko ile ya gharama, na hapo naomba mniruhusu nikae kidogo.

Ukiikata kwa kisu, punje zake huonekana na jiwe unalotaka kuchonga linaonekana sponji. Lakini ukiivunja kwa mkono, kisha ukausugua uso uliovunjika kwa brashi ya waya mpaka punje kadhaa zidondoke, unapata uso wenye matundu na mabonde madogo ambao hakuna chombo kinachoweza kuuchonga, na uso huo unafanana sana na matumbawe ya kuchimbwa ardhini, yale ambayo miji yetu ya kale ilijengewa. Kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ambayo UNESCO iliyaingiza pamoja katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila mistari ya matofali na kushikwa kwa chokaa. Kwa miaka mingi tumekuwa tukicheza katika mahandaki ya ngome za Ulaya kwa sababu mifano yote tuliyoigiza ilitoka huko, ilhali malighafi tuliyonayo mkononi inajua kufanya jiwe letu.

Anayetaka kujenga vigae vya mji wa pwani atakuta kwamba wajenzi wa kale wamekwisha kumchagulia kipimo. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi kubwa. Kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, huku urefu ukiwa kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba. Mraba wetu wa futi tano ni mita moja na nusu na ushei. Chumba cha nyumba ya Kiswahili basi ni miraba miwili kwa upana, na vyumba vyenyewe hufuatana kimoja nyuma ya kingine, cha nje kwanza na cha ndani zaidi mwisho. Kwa mchezo hii ni neema. Mapambano katika chumba cha miraba miwili kwa mitano hayafanani hata kidogo na yale ya ukumbi mpana wa mraba, kwa kuwa mlinzi mmoja mlangoni anatosha kuwazuia wengi, na anayetaka kuingia ndani kabisa hana budi apite kila chumba. Vidaka vya ukutani vinaweza kuchorwa kwenye ukuta wa nyuma pekee, na ukuta huo mmoja tuuruhusu uwe mrefu, maana hauna mchezaji anayekaa nyuma yake.

Kwa mwenye moyo wa kujaribu, lipo lile bwawa la Husuni Kubwa huko Kilwa, la karne ya 14, lenye pembe nane. Kuingiza pembe nane kwenye miraba si kazi ndogo. Bwawa la upana wa miraba minne litakatwa pembe zake kwa kiasi cha mraba mmoja na sehemu kidogo, na itabakia miraba iliyogawanyika, nusu maji na nusu ukingo. Mkubaliane kabla ya kurusha dadu kwamba mraba ambao sehemu yake kubwa ni maji ni maji, kisha muiweke alama kwa rangi nzito kidogo, na mchezo hautasimama.

Rangi sasa. Naiweka baadaye kwa makusudi, kwa kuwa haiwezi kurekebisha kipimo, lakini sina maana kwamba ni jambo dogo. Koti la kwanza liwe mchanganyiko wa gundi nyeupe na rangi ya maji nyeusi au ya kahawia iliyokoza, lipakwe kwa brashi mpaka lifike kwenye kila mfereji. Koti hilo lina kazi mbili: linafanya giza katika mashimo, na likikauka linaipa polisterini ngozi ngumu inayostahimili kucha na vitako. Mnaotaka mchanga au unga wa mbao kwenye sakafu unyunyizieni wakati koti hili lingali bichi. Msilikimbize kukauka, lipeni usiku mzima, na msimu wa mvua za masika zaidi ya hapo.

Baada ya giza huja rangi ya jiwe. Kijivu kinachopatikana kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe peke yake ni kijivu cha saruji mbichi. Ongezeni kahawia kidogo, na katika mawe machache ongezeni kijani au samawati, jiwe hili na lile, bila mpango. Hatua inayofuata ndiyo inayompa fundi sifa kwa kazi ndogo. Chovya brashi pana katika rangi iliyo nyepesi zaidi, ifute kwenye kitambaa mpaka idhaniwe haina kitu, kisha ipitishe juu ya kigae kama anayepangusa vumbi. Rangi inashika kwenye migongo ya mawe tu na kuyaacha mashimo na giza lake. Rudia kwa rangi nyepesi kuliko hiyo, kwa mkono mwepesi zaidi. Mwisho yanaweza kuja maji ya rangi, yaani kahawia au nyeusi iliyozimuliwa sana, yatakayotiririka kwenye nyufa na kuunganisha rangi zote.

Fundi anayefanya kazi akiwa ameinamia kigae chini ya taa, umbali wa shubiri moja, atasita kufika kwenye rangi nyepesi inayotakiwa. Ataona imezidi. Lakini mchezaji anakitazama kigae hicho kutoka juu, umbali wa nusu mita hadi mita nzima, chini ya taa ya darini ambayo inafuta vivuli, na kutoka hapo tofauti ambayo ilionekana kubwa mno ndiyo kwanza inaonekana. Wekeni kigae sakafuni, msimame, mkitazame. Hicho ndicho kipimo cha rangi. Jambo la pili ni kwamba sakafu isishindane na visanamu. Mtu aliyemaliza siku kadhaa kumpamba shujaa wake kwa joho jekundu hataki kumpoteza katika sakafu ya rangi kali. Sakafu iwe tulivu, isiyokolea, na iwe na mwanga wa kati, ili kisanamu cheusi na kisanamu cheupe vyote vionekane juu yake.

Matumbawe yanataka mpango mwingine. Koti la kwanza lisiwe jeusi, kwa sababu weusi ukibaki katika matundu yale mengi ukuta utaonekana umeungua. Liwe la rangi ya udongo. Juu yake kije kijivu chenye joto, halafu rangi ya malai, na weupe upite kwenye kingo tu. Kisha ongezeni kile ambacho mvua na ukungu huzifanyia kuta zetu zote: michirizi ya kijivu cheusi kutoka juu kushuka chini, na ukijani kidogo karibu na ardhi. Mahali palipobaki plasta ya chokaa pasuguliwe pawe laini kabla ya kupakwa, ili jicho lione tofauti ya plasta na jiwe.

Miraba yenyewe ionekane vipi? Mistari myeusi iliyopigwa juu ya kazi nzuri inaiua kazi hiyo, nami nawaelewa wanaokataa kuipiga. Kuiacha kabisa nako kunazaa mabishano kila zamu. Kwenye sakafu ya mawe ya kuchonga, mifereji kati ya mawe ndiyo iwe miraba. Kwenye udongo, nyasi na mchanga, nukta ndogo au kijiwe kwenye kila pembe ya mraba kinatosha. Macho huunganisha nukta yenyewe, na picha haipotei. Vanishi iwe isiyong'aa, isipokuwa kwenye maji, na hapo ing'ae mara mbili tatu.

Nimalizie na suala la mapatano, ambalo Mwenyekiti ameniambia litapigiwa kura leo. Napendekeza vigae vyetu vya pamoja viwe vya miraba mitatu kwa mitatu, sita kwa sita, na tisa kwa tatu kwa ajili ya kumbi na mitaa. Unene uwe milimita 20, kwa kuwa ndio unaoruhusu kuchimba mto wa milimita nane bila kutoboa, na polisterini ya punje ikipunguzwa chini ya hapo huvunjika begani mwa mbebaji. Na njia ya kutoka, kwenye vigae vya miraba sita, iwe miraba miwili ya katikati. Kwenye vile vya miraba mitatu itabidi iwe mraba mmoja wa katikati, na hii ina maana kwamba mto wa miraba miwili hautaingia humo. Wanachama wawili wamekwisha kunipinga kuhusu jambo hilo kabla sijapanda hapa, wakitaka vigae vidogo viwe vya miraba minne. Hoja yao ina nguvu, maana minne ina miraba miwili ya katikati kama sita. Udhaifu wake ni kwamba vigae vya minne na vya sita havikutani mpaka miraba 12, ilhali vya mitatu na vya sita hukutana kila vigae viwili vya mitatu. Nimeleta vigae vya kadibodi tupu vya vipimo vyote viwili, viko kwenye meza ile ya mlangoni pamoja na rula ya chuma. Vipangeni kabla ya kupiga kura.

Asanteni sana.